Ugonjwa Mmoja, Bahari Mbili

Kiswahili kina neno moja tu: kifafa. Ukilitamka polepole utasikia kufa mara mbili ndani yake, na labda ndiyo maana watu hulisema kwa sauti ya chini. Mtu akianguka stejini akaanza kutetemeka, ni kifafa. Mtoto akiduwaa darasani sekunde kumi kisha akaendelea kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea, hicho pia kinaweza kuwa kifafa, ingawa mwalimu atasema tu hana makini. Madaktari wana aina kibao, na ndani ya hizo kuna kundi dogo, adimu kiasi kwamba daktari anaweza kustaafu bila kukutana na mgonjwa hata mmoja. Ni kundi la vifafa vya kurithi ambavyo huambatana na misuli kuruka yenyewe, na ambavyo huzidi mwaka baada ya mwaka. Kwa karne nzima wataalamu walibishana kuhusu kundi hilo: ni ugonjwa mmoja au mingi? Uitwe nani? Ukiusikia ubishi wenyewe unaweza kudhani ni stori za watu wa maktaba wasio na kazi. Lakini wakati ubishi unaendelea, kuna watoto waliokuwa wakimeza dawa kila siku, na dawa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiwamaliza.

Tuanzie Dorpat, mji unaoitwa Tartu siku hizi, huko Estonia. Mwaka 1891 Estonia ilikuwa chini ya Mfalme wa Urusi, na chuo kikuu cha mji huo kilikuwa na maprofesa Wajerumani. Mmoja wao, Heinrich Unverricht, alichapisha kitabu kuhusu familia moja yenye watoto kumi na mmoja. Watano kati yao walikuwa na kitu asichokiona kwenye vitabu. Walianguka kifafa, sawa, hilo lilijulikana. Lakini hata wakiwa macho kabisa, akili timamu, misuli yao ilishtuka ghafla, mkono ukaruka, mguu ukapiga teke hewani. Aliuita mshtuko huo mioklonia, neno lililoundwa kwa Kigiriki, misuli na vurugu.

Leo tunajua mwenendo wake vizuri. Mtoto huwa mzima hadi kati ya miaka 6 na 15 hivi. Kisha mambo madogo yanaanza. Kikombe kinamponyoka. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi, kuamka tu na kuvaa viatu inakuwa vita. Mwanga mkali unamshtua, mlango ukibamizwa anaruka, akiguswa bila kutarajia anaruka, na akiwa na wasiwasi mwili ndio unazidi kumkataa. Halafu, na hili ndilo linalotenga kundi hili na kifafa cha kawaida, mambo hayatulii baina ya mianguko. Kutembea kunakuwa kugumu, kuandika kunakuwa kugumu, na kila mwaka unachukua kitu.

Unverricht aliona jambo la pili ambalo lilikuwa muhimu sawasawa: watoto walikuwa wa tumbo moja. Wazazi walikuwa wazima. Sheria za Mendel zilikuwa zimesahaulika wakati huo, zingefufuliwa mwaka 1900, kwa hiyo hakuwa na njia ya kueleza jinsi wazazi wazima wanavyoweza kupata watoto watano wagonjwa. Leo mwanafunzi wa sekondari anaweza kukuchorea ubaoni: kila mzazi amebeba nakala moja mbovu na moja nzima, mtoto akipokea mbovu zote mbili, basi.

Aliyechukua hatua hiyo alikuwa Msweden, Herman Lundborg, na hapa hadithi inaingia giza kidogo.

Lundborg alikwenda Blekinge, kusini mwa Sweden, kwenye vijiji vya wakulima ambako jamaa walioana na jamaa, na akakuta ugonjwa uleule. Mwaka 1903 akauandikia tasnifu. Hakuishia hapo. Alipekua rekodi za makanisa, akauliza majirani, akapanda mti wa ukoo tawi kwa tawi, na mwaka 1913 akachapisha kitabu kikubwa kuhusu ukoo mmoja wenye watu 2,232. Kama kazi ya kufuatilia urithi, ilikuwa ya ajabu. Alionyesha kwamba ugonjwa unafuata mkondo wa Mendel, tena wakati ambapo wenzake wengi walikuwa bado wanakisia.

Shida ni kile alichokuwa akikitafuta. Katika madaftari hayo hakuhesabu wagonjwa wa mioklonia peke yao. Alihesabu walevi, wavivu, waliofungwa jela, wenye "tabia mbaya", akawachanganya wote katika fundisho moja kwamba damu ya ukoo inaoza. Mwaka 1922 serikali ya Sweden ikamfungulia taasisi ya biolojia ya mbari mjini Uppsala, naye akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Akapima vichwa. Akawapiga picha Wasami wa kaskazini, wengine uchi. Sheria ya Sweden ya kufunga watu uzazi ilipitishwa mwaka 1934, na kabla ya miaka ya sabini kumalizika zaidi ya watu 60,000 walikuwa wamepitia kisu hicho, wengi kwa kushurutishwa.

Usidhani hayo yalikuwa ya Ulaya tu. Elimu hiyo ya kutaka kuzalisha binadamu kama ng'ombe wa gredi ilifika Nairobi ikiwa bado moto. Mwaka 1933 walowezi na madaktari wao waliunda chama cha kuchunguza "uboreshaji wa mbari" hapa Kenya. H. L. Gordon, daktari aliyehudumu Mathari, alikuwa mstari wa mbele. Mwaka uliofuata F. W. Vint, daktari wa maabara ya serikali, akachapisha utafiti juu ya bongo za Waafrika waliofariki, akidai ni ndogo na gamba lake ni jembamba kuliko la Mzungu. Huhitaji kuambiwa hoja hiyo ilimfaa nani wakati bajeti ya shule za Waafrika inajadiliwa. Gordon na Vint hawakuhusika na mioklonia hata kidogo. Ninawataja kwa sababu swali lao na la Lundborg lilikuwa moja: nani amerithi ubovu? Ukilianzia swali hapo, kila jibu linakuwa hukumu.

Jina la Lundborg bado liko kwenye ugonjwa. Unverricht-Lundborg, ndivyo unavyoandikwa kwenye faili za hospitali hadi leo. Kuna jina lingine la kijenetiki, EPM1, kavu kama namba ya matatu, na mimi ningelichagua hilo siku yoyote.

Wakati Lundborg anapanga ukoo wake, Mhispania mmoja alikuwa ng'ambo ya Atlantiki akiangalia ubongo kwa hadubini. Gonzalo Rodríguez Lafora alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwanafunzi wa Cajal, yule gwiji wa Madrid aliyechora seli za neva. Alikuwa ameajiriwa katika hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili mjini Washington. Mwaka 1911 alieleza alichokiona katika ubongo wa kijana aliyefariki baada ya kuugua mioklonia na kifafa: ndani ya seli za neva kulikuwa na vidonge vya mviringo, vimejaa, kama punje zilizomwagwa. Vikaitwa vijiwe vya Lafora. Mwenyewe baadaye alikimbia vita vya Uhispania akaenda Mexico, akarudi kwao mwaka 1947.

Ilichukua miongo kujua punje zile ni nini. Ni sukari. Mwili wako huhifadhi sukari kwa kuifunga katika molekuli yenye matawi mengi mafupi, ndiyo maana huyeyuka vizuri ndani ya seli. Kwa wagonjwa hawa matawi yanakuwa machache na marefu, molekuli inakataa kuyeyuka na kutuama, ikifanana zaidi na wanga wa viazi kuliko kitu cha mnyama. Neva haziwezi kuishi na shehena hiyo. Ugonjwa wa Lafora huanza ujanani, mara nyingi kwa kuona vitu visivyokuwepo, na wengi wa wagonjwa wake hufariki ndani ya miaka kumi hivi.

Kwa hiyo kufikia 1911 kulikuwa na watu wawili waliofanana nje. Wote wanaruka misuli, wote wanaanguka, wote walianza wakiwa watoto au vijana. Mmoja ana punje kichwani, mwingine hana. Mmoja atafariki kabla ya miaka thelathini. Mwingine, kama tutakavyoona, angeweza kuzeeka. Ungedhani madaktari wangewatenganisha haraka. Wapi. Mwaka 1921 Mmarekani Ramsay Hunt alieleza wagonjwa wengine wenye mioklonia na kuyumba, akawapa jina refu la Kilatini, na jina hilo likageuka kapu. Kila mgonjwa asiyeeleweka alitupwa humo. Kwa miaka sitini na zaidi, kuambiwa una ugonjwa wa Ramsay Hunt ilikuwa sawa na kuambiwa daktari hajui, ila kwa lugha ya heshima.

Nje ya kapu, majina yalianza kufuata ramani. Ufini ilikuwa na wagonjwa wengi kupita kawaida, takriban mtoto mmoja kwa kila 20,000 wanaozaliwa. Daktari Marjaleena Koskiniemi na wenzake walichapisha mwaka 1974 uchunguzi wa wagonjwa 93 wa Kifini, na ugonjwa ukaanza kujulikana kama mioklonia ya Baltiki, kwa jina la bahari ile. Kusini nako, madaktari wa Ufaransa waliona familia kutoka Tunisia, Algeria, Moroko, Italia na Ufaransa yenyewe zenye kitu kama hicho lakini chepesi. Wagonjwa wao walidhoofika taratibu. Akili zao zilibaki sawa. Wakauita mioklonia ya Mediterania. Bahari mbili, magonjwa mawili, na maelezo yakakubalika kirahisi: watu wa kaskazini wanaugua vibaya, wa kusini wanaugua kidogo, lazima damu ni tofauti. Ukisikia mwangwi wa Lundborg hapo hujakosea sana.

Sasa twende kwenye dawa.

Mwaka 1938, mjini Boston, Merritt na Putnam walitangaza kwamba fenitoini huzuia kifafa. Walikuwa wameijaribu kwa paka waliopigwa shoti za umeme. Ilikuwa habari kubwa, kwa sababu fenobabitoni iliyotangulia iliwalaza watu usingizi, hii haikulaza sana. Ikasambaa dunia nzima, na kwa wagonjwa wengi imefanya kazi nzuri kweli. Bado iko kwenye famasi zetu. Basi mtoto wa Kifini aliyeanguka kifafa alipewa nini? Fenitoini. Alipoendelea kuruka misuli aliongezwa fenitoini. Alipoanza kuyumba, kushindwa kutembea, ulimi kuwa mzito, akili kupungua, daktari aliandika kwenye faili kwamba ugonjwa unaendelea, maana si ndilo jina lake, ugonjwa unaozidi?

Mtego wenyewe ulikuwa hapo. Jina lilitabiri kuzorota, kwa hiyo kuzorota hakukumshtua mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini hesabu ziligoma. Huko Ufini, Iivanainen na mwenzake walieleza mwaka 1982 wagonjwa waliofanya vizuri zaidi walipopewa valproeti na klonazepamu. Mwaka 1983, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Roswell Eldridge, Iivanainen akiwemo, walichapisha katika jarida la Lancet tokeo ambalo kichwa chake hakikuzunguka: mioklonia ya Baltiki hufanywa mbaya zaidi na fenitoini. Waliopewa dawa hiyo walishuka kwa kasi, wengine wakafa mapema. Walioondolewa wakapewa valproeti walipata nafuu, baadhi yao wakainuka na kutembea tena.

Ukali wa Baltiki, basi, haukuwa wa damu ya kaskazini. Sehemu kubwa yake ilitoka kwenye chupa ya vidonge.

(Kabla hujakimbia kuangalia dawa ya ndugu yako: fenitoini si sumu kwa kila mtu, na kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kuua. Daktari ndiye wa kuongea naye, si sisi wa makala.)

Baada ya hapo kuainisha hakukuwa tena jambo la adabu za kitaaluma. Mwaka 1986 kikundi cha Montreal, akiwemo Samuel Berkovic na Frederick Andermann, kilichapisha orodha ya visababishi mahususi na jinsi ya kuvitambua. Mwaka 1989 wataalamu wakakutana Marseille na mwaka uliofuata wakatoa makubaliano. Kapu la Ramsay Hunt likamwagwa. Yakabaki makundi makuu matano: Unverricht-Lundborg, Lafora, kundi la seli zinazojaa takataka ya mafuta ambalo mara nyingi huanza kwa kupofusha watoto, kundi la upungufu wa kimeng'enya kiitwacho sialidasi, na MERRF, ambao kasoro yake iko kwenye mitokondria, zile jenereta ndogo za seli. Mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo baba hana hatia hapo, hata shangazi wakisema nini. Na angalia mambo yalivyo: valproeti iliyowaokoa Wafini ni dawa ambayo madaktari huiogopa kwenye magonjwa ya mitokondria. Mgonjwa wa Unverricht na wa MERRF wakikaa benchi moja kliniki wanaweza kufanana kabisa, na kosa la jina litamuumiza mmoja wao.

Kutenganisha Lafora kukawa rahisi kwa njia ambayo napenda sana. Tangu 1911 uhakika ulihitaji ubongo, yaani maiti, au kipande kilichokatwa kichwani mwa mtu aliye hai. Mwaka 1981 Carpenter na Karpati wa Montreal walionyesha kwamba punje zilezile ziko kwenye tezi za jasho. Kipande kidogo cha ngozi ya kwapa kinatosha. Miaka sabini ya kupasua bongo, na jibu lilikuwa kwapani.

Bahari mbili zilimalizwa na jenetiki. Mwaka 1991 Anna-Elina Lehesjoki na wenzake wa Helsinki waliweka ugonjwa wa familia za Kifini kwenye ncha ya kromosomu ya 21. Mwaka 1992 familia za Mediterania zilipopimwa, zilielekeza palepale. Mwaka 1996 jeni yenyewe ikapatikana, ile inayotengeneza sistatini B, protini ndogo inayozuia vimeng'enya vingine visimeng'enye visivyostahili. Watu wakatarajia kukuta herufi moja imekosewa. Kwa wagonjwa wengi hakukuwa na kosa la aina hiyo. Jibu lilikuja 1997: kuna kipande cha herufi kumi na mbili karibu na mwanzo wa jeni ambacho kwa kawaida hurudiwa mara mbili au tatu. Kwa wagonjwa hurudiwa mara 30 au zaidi, na jeni inakuwa kama redio iliyopunguzwa sauti. Helsinki na Tunis, kitu kilekile. Baadaye kisiwa cha Réunion, kwenye Bahari Hindi yetu, nacho kikaonekana kuwa na familia zake, zilizotokana na mababu wachache waliobeba kipande hicho. Hakuna aliyependekeza bahari ya tatu.

Jeni za Lafora zilifuata, ya kwanza 1998, ya pili 2003. Tena ugonjwa huo uko hata kwa mbwa, wale wafupi wa miguu mifupi, ambao kwao kasoro iko kwenye jeni hiyo ya pili.

Halafu mwaka 2015 ukaja utafiti uliovuruga hata neno "kurithi". Lehesjoki na timu ya kimataifa walichukua wagonjwa 84 ambao hawakuwa na jibu lolote, wasiohusiana kwa damu, wakasoma sehemu za jeni zao zinazounda protini. Kumi na mmoja walikuwa na kosa moja lilelile, herufi ileile, kwenye jeni ya KCNC1 inayojenga mlango wa potasiamu kwenye neva. Wazazi wao walipopimwa hawakuwa nalo. Kosa lilikuwa limezaliwa upya ndani ya kila mtoto. Hapo madaftari yote ya Lundborg, watu 2,232 na walevi wao, yasingesaidia kitu: hakuna ukoo wa kufuatilia, hakuna babu wa kulaumiwa.

Kwa jumla 26 kati ya wale 84 walipata jina mwaka huo. Baadhi ya wengine wamepatiwa majibu katika tafiti za baadaye, kila mmoja karibu na jeni yake peke yake. Waliobaki, madaktari wao wanaandika kwenye faili "sababu haijajulikana", kwa maneno hayo hayo, bila Kilatini.